Fatima al-Yusuf: Kutoka Jukwaani Hadi Gazetini

Ndugu msomaji, huenda umepata kuliona, au kulisikia likitajwa na waliosoma Misri, gazeti la kila wiki liitwalo Rose al-Yusuf. Wengi wetu tukilisikia jina hilo hudhani ni la kampuni, au la bwana fulani tajiri wa Cairo. Silo. Ni jina la mwanamke mmoja, yatima, aliyekuwa mwigizaji wa michezo kabla hajawa mwenye gazeti. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 26 Oktoba 1925, na mwaka 2025 limetimiza miaka mia moja likiwa na jina lile lile.

Najua ya kuwa neno "mwigizaji", anapotajwa mwanamke, huwafanya baadhi yetu wakunje uso. Sikuileta habari hii ili nimshawishi mtu ampeleke bintiye jukwaani, wala sitaki kuufungua hapa mlango wa fatwa. Wenye elimu ya hayo wapo, na waulizwe. Nataka tumtazame mtu huyu mzima mzima, alivyoanza na alivyoishia, kwa sababu wengi wa zama zake walimhukumu kwa nusu ya kwanza ya umri wake hata pale nusu ya pili ilipokwisha kuwaonyesha jambo jingine.

Alizaliwa Tripoli, ile ya Lebanon si ile ya Libya, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati nchi yote ya Sham ilipokuwa chini ya Sultani wa Istanbul. Wazazi wake walikuwa Waislamu, naye akaitwa Fatima. Mama yake alifariki mtoto angali mchanga kabisa. Baba alikuwa mfanya biashara, mtu wa safari. Akamweka mwanawe kwa jirani zake Wakristo, akaondoka. Hapo mwanzo alikuwa akileta masurufu, kisha habari zake zikakatika. Jirani wale wakamwita mtoto Rose, yaani waridi, naye akakua kwa jina hilo.

Hapa tusimame kidogo. Sisi tunaijua amri iliyomo katika Suratul Ahzab, kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Mara nyingi tunaichukulia kuwa ni hukumu ya mirathi na ndoa tu, basi. Lakini hebu mfikirie binti wa miaka kumi au zaidi kidogo, ambaye nyumba anayoijua kuwa ni yake inamwambia kwamba si yake, na mama anayemjua kuwa ni mama yake siye. Jirani wale siwalaumu kwa kumlisha na kumvika. Huo ni wema, na mwenye kulipa wema ni Mungu. Ila kumfadhili yatima ni jambo moja, na kumhifadhia yatima asili yake ni jambo jingine, na hili la pili ndilo linalosahauliwa hata katika majumba yetu ya Kiislamu, ambamo mtoto wa marehemu ndugu huletwa kwa jina la kulelewa akaishia kuwa mtumishi wa jikoni asiyejua hata kaburi la mamake liko wapi.

Basi alipofikia umri huo ilikatwa shauri asafiri na rafiki mmoja wa nyumba ile aliyekuwa akihamia bara la Amerika, kama walivyohama watu wengi wa Sham siku zile. Meli ikatia nanga Alexandria, na safari ya Fatima ikaishia hapo. Alijikuta katika mji wa Misri, hana baba, hana mama, hana shule, na watu wa kwanza kumpokea walikuwa watu wa michezo ya kuigiza. Aliingia katika kundi la Iskandar Farah, naye pia mtu wa Sham, aliyekuwa na kundi lake la waigizaji.

Ni lazima ujue hali ya michezo hiyo wakati ule ndipo uifahamu hali ya binti huyu. Michezo ya kuigiza ya Kiarabu ilikuwa bado changa, na wanawake waliopanda jukwaani Misri walikuwa aghalabu Wakristo na Wayahudi wa asili ya Sham. Mwimbaji Munira al-Mahdiyya hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu wa Misri kupanda jukwaani kwa jina lake, na hilo lilikuwa mwaka 1915. Kwa hivyo binti Mwislamu aliyeitwa Rose alipita mlangoni bila ya mtu kumuuliza. Jina alilopewa na jirani likawa ndilo sitara yake.

Huko alimpata mwalimu, naye ni Aziz Eid. Huyu alikuwa bingwa wa fani hiyo na fukara daima, maana alikuwa hakubali kuigiza upuuzi. Alimfundisha binti kusoma, kutamka Kiarabu fasihi, kusimama, kutembea, na kunyamaza. Maana waigizaji husema kunyamaza jukwaani ni kugumu kuliko kusema. Ipo hadithi moja ya siku zake za mwanzo ambayo naipenda. Katika mchezo mmoja alitakiwa mtu wa kuigiza bibi kizee, na waigizaji wa kike wote walikataa, kila mmoja akitaka kuwa msichana mzuri atazamwe. Rose, aliyekuwa bado kijana kabisa, akasema, "Nipeni mimi." Akajikunja mgongo, akaitetemesha sauti, akawa ajuza wa miaka sabini, na watu wakamjua tangu siku hiyo. Wenye akili huanza na kazi iliyokataliwa na wenzao.

Toka hapo alipita makundi kadha, na la George Abyad likiwamo, mpaka mwaka 1923 Yusuf Wahbi alipoanzisha kundi la Ramsis. Yusuf Wahbi alikuwa mtoto wa Pasha, aliyekwenda Italia kusoma uigizaji na akarudi na mali ya urithi wa babake akaitia katika jukwaa. Wazee wetu wa Unguja na Mombasa waliotazama senema za Kimisri wanaijua sura yake na sauti yake ile nzito. Katika kundi hilo Rose al-Yusuf alikuwa mwigizaji wa kwanza wa kike, na mchezo uliomtangaza zaidi ni ule wa mwanamke wa maua ya kamelia, uliotungwa na Alexandre Dumas mtoto, wa Ufaransa. Watu wakijaa ukumbi, wakilia.

Kilele hicho hakikudumu. Rose aliona kundi linaacha michezo yenye maana na kuelekea kwenye vilio na vitisho, damu na makelele, kwa kuwa ndiyo inayojaza viti. Akagombana na mwenye kundi, na mwaka 1925 akatoka. Angeweza kukaa. Mshahara ulikuwapo, jina lilikuwapo, na hakuwa na baba wa kumrudia. Yafaa ulikumbuke hili, maana hii ni mara ya kwanza katika maisha yake kuacha kitu kinachompa riziki kwa sababu kimeacha kuwa kweli, na haikuwa ya mwisho.

Agosti ya mwaka huo huo alikuwa amekaa na marafiki katika duka la halua la Kassab, Cairo, wakizungumza. Mazungumzo yakafika kwenye magazeti yanayoandika habari za waigizaji: masengenyo, sifa za kununuliwa, na matusi ya asiyelipa. Rose akauliza kwa nini lisiwepo gazeti la kuhukumu fani kwa uadilifu. Kisha akaongeza kuwa atalitoa yeye, na litaitwa kwa jina lake. Wenziwe walidhani ni mzaha. Walipoona si mzaha wakamwambia jina hilo halifai: litaonekana ni gazeti la kujitangaza mwigizaji, na watu wa heshima hawatalishika. Yeye hakukubali. Akaomba ruhusa serikalini, akapewa.

Magazeti ya wanawake yalikuwapo Misri kabla yake. Hind Nawfal alitoa lake Alexandria mwaka 1892. Lakini yale yalizungumza na wanawake juu ya nyumba, malezi na elimu, na hakuna aliyeona ajabu sana. Hili la Rose lilitaka kusomwa na wote, wanaume kwa wanawake. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa humo humo alimokaa, chumba cha juu katika nyumba iliyokuwa ya mshairi Ahmad Shawqi. Kalamu kubwa ya gazeti ilikuwa ya Muhammad al-Tabi'i, mwandishi mwenye ulimi mkali na maneno mafupi, ambaye zamani aliwahi kuandika habari za michezo bila ya kutia jina lake halisi. Hapo mwanzo walitaka kuandika mambo makubwa ya fasihi, na wanunuzi wakawa wachache. Walipoyafanya maneno kuwa mepesi likaanza kwenda, na baada ya muda si mrefu likaingia katika siasa.

Siasa ya Misri wakati huo ilikuwa na pembe tatu: Mfalme kasrini, Mwingereza na askari wake, na chama cha Wafd kilichokuwa na watu nyuma yake. Rose akasimama na Wafd. Mwaka 1928 Waziri Mkuu Muhammad Mahmud alilisimamisha Bunge, akajisifu kuwa atatawala kwa mkono wa chuma. Baada yake, mwaka 1930, akaja Ismail Sidqi, ambaye aliifuta hiyo katiba ya 1923 na kuweka yake. Katika miaka hiyo gazeti la Rose al-Yusuf lilikuwa likikamatwa mara kwa mara, pengine askari wakilizuia likiwa bado mbichi matbaani, wino haujakauka. Likifungwa, bibi huyu alikuwa akitoa jingine kwa ruhusa yenye jina tofauti: mara al-Raqib, mara Sada al-Haqq, mara al-Sarkha, ambalo maana yake ni ukelele. Msomaji wa Cairo akilifungua tu anaijua sauti. Al-Tabi'i alitiwa jela. Yeye mwenyewe akawa hodari wa kuzungumza na mawaziri, wanasheria, na wauza karatasi wenye kudai, na nadhani mafunzo ya Aziz Eid ya kusimama bila kutetemeka hayakupotea bure.

Humo gazetini ndimo alimozaliwa pia yule mtu wa katuni aliyependwa na nchi nzima, al-Misri Effendi, aliyechorwa na Sarukhan, mchoraji wa Kiarmenia. Alikuwa kijibwana kifupi, tarbushi kichwani, miwani usoni, tasbihi mkononi, akiwatazama wakubwa wanavyofanya na akishangaa. Kila karani na kila mwalimu aliyesubiri mshahara mwisho wa mwezi alijiona mle.

Na maadui walisemaje? Hawakujibu hoja. Walisema: chama gani hiki, wanaume wenye tarbushi na shahada zao wanatetewa na mwanamke wa jukwaani? Jina la gazeti likafanywa tusi. Hata ndani ya Wafd walikuwapo waliolinunua kila wiki na huku wakiona haya kulitaja. Hebu mtazame, ndugu msomaji, mtu anayekubali kulindwa na mwenzake na bado anamwonea aibu! Sisemi haya yametokea Misri peke yake.

Jaribio kubwa lilimfika mwaka 1935. Al-Tabi'i alikuwa amekwisha kuondoka mwaka uliotangulia kwenda kutoa gazeti lake mwenyewe, Akhir Sa'a. Rose badala ya kuvunjika moyo akaanzisha gazeti la kila siku, Machi 1935, pamoja na lile la wiki, akawaita Mahmud Azmi na Abbas Mahmud al-Aqqad. Huyu al-Aqqad ndiye ambaye baadaye alitunga vitabu vya Abqariyya juu ya Mtume (S.A.W.) na Masahaba, vitabu ambavyo masheikh wetu wengi wanavyo makabatini. Wakati huo serikali ilikuwa ya Tawfiq Nasim. Wafd iliivumilia serikali hiyo kwa kutaraji kuwa itairejesha katiba. Gazeti la Rose likasema uvumilivu umezidi, na al-Aqqad akaishambulia bila huruma. Wakubwa wa chama wakamtaka bibi amnyamazishe mwandishi wake. Akakataa. Wafd ikatangaza kwamba gazeti hilo si lake wala halina uhusiano nalo.

Maana ya tangazo hilo ni njaa. Wasomaji wa gazeti walikuwa ndio hao hao watu wa Wafd. Siku chache zilitosha mauzo kuanguka, wadai wakaja, na gazeti la kila siku likafa baada ya muda. Al-Aqqad naye hatimaye wakaachana. Desemba ya mwaka huo katiba ya 1923 ilirejeshwa kwa nguvu za maandamano ya wanafunzi na watu wa mjini, wala hakuna aliyemwendea Rose al-Yusuf kumwambia ahsante. Alibaki na gazeti la wiki, madeni, na jina. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubana matumizi, nami sitaki kuirefusha. Kila aliyewahi kufungua duka kwa mkopo anaijua.

Nimekuwa nikisema gazeti, gazeti, na msomaji wa kike pengine anauliza: na nyumba yake je? Ni swali la haki. Alikuwa ameolewa na Muhammad Abdel Quddous, mhandisi aliyependa uigizaji, mtoto wa Sheikh Ahmad Radwan. Sheikh huyu alisoma Al-Azhar, akafanya kazi katika mahakama ya sharia, na aliposikia mwanawe ameoa mwigizaji alighadhibika mno. Ndoa haikudumu. Tarehe 1 Januari 1919 alizaliwa mtoto wa kiume, Ihsan, na mtoto akalelewa nyumbani kwa babu, chini ya shangazi yake, katika nyumba ya sala, ya kusoma, na ya wanawake waliositirika. Kwa mama alikuwa akienda kwa siku zake. Ihsan mwenyewe ameeleza baadaye namna alivyokuwa akitoka katika baraza la masheikh la babu yake, na siku hiyo hiyo akaingia katika baraza la mama yake lililojaa waandishi na waigizaji, kichwa kikamzunguka asijue ipi ni dunia ya kweli.

Mimi naona katika habari hii kila mmoja alikuwa na lake. Babu alimkataa mama, lakini mjukuu hakumkataa, wala hakumzuia kwenda kumwona mama yake. Mama alikosa kumlea mwanawe kila siku, na hakuna gazeti linalolipa hilo. Pamoja na hayo hakumfundisha mtoto kumchukia babu yake. Kwetu sisi, talaka ikishapita, mtoto hugeuzwa barua ya matusi inayopelekwa huku na huku. Mama huyu na babu yule, waliotofautiana kuliko mbingu na ardhi, hawakufanya hivyo.

Ihsan Abdel Quddous alimaliza sheria katika Chuo Kikuu mwaka 1942, akaja kuandika katika gazeti la mama. Mwaka 1945 aliandika makala akitaka Balozi wa Kiingereza, Lord Killearn, aondoke Misri. Huyu ndiye balozi aliyelizunguka kasri la Mfalme kwa vifaru tarehe 4 Februari 1942 ili kumlazimisha amteue Waziri Mkuu anayemtaka yeye. Gazeti likakamatwa, na Ihsan akatiwa gerezani. Alipotoka, mama akampa uhariri. Yaani cheo hakumpa kwa kuwa ni mwanawe. Alimngojesha mpaka akakilipia. Mwaka 1950 gazeti hilo hilo lilifichua habari za silaha mbovu walizonunuliwa askari wa Misri katika vita vya Palestina vya 1948. Wataalamu wa historia wamebishana baadaye ni kwa kiasi gani silaha hizo ndizo zilizoleta kushindwa, lakini hasira iliyowashwa na habari ile haikuzimika, na Julai 1952 jeshi likamwondoa Mfalme Farouk.

Wengi walidhani sasa bibi atapumzika na kula matunda. Mei 1953 akamwandikia Gamal Abdel Nasser barua ya wazi gazetini. Alimtaka asiogope uhuru, na awasikilize wanaomkhalifu kama anavyowasikiliza wanaomuunga mkono, kwani mtawala anawahitaji wote wawili. Nasser alimjibu kwa heshima, na jibu likachapishwa: kwamba haogopi uhuru, anachoogopa ni uhuru wa kuuzwa na kununuliwa kama ilivyokuwa kabla ya mapinduzi. Mwaka uliofuata, 1954, Ihsan alitiwa jela na serikali hiyo hiyo, baada ya kuandika kuwa Misri inatawaliwa na jumuiya ya siri. Mama akawa amemwona mwanawe akifungwa chini ya Mfalme na Mwingereza, kisha akamwona akifungwa chini ya watu aliowashangilia.

Mwaka huo huo wa 1953 alitoa kitabu chake, Dhikrayat, yaani Kumbukumbu, alimosimulia habari za jukwaa na za gazeti. Binti aliyefundishwa kusoma na mwalimu wa michezo akawa mtungaji wa kitabu. Januari 1956 akaanzisha gazeti jingine la wiki, Sabah al-Khayr, akalikusudia vijana, na uhariri akampa Ahmad Baha al-Din, kijana ambaye hakuwa hata na miaka thelathini. Kuwapa vijana kazi kubwa kabla ya wengine kuwaamini ilikuwa tabia yake.

Senema hakuifuata. Ila visa vya mwanawe viliifikia, na baadhi yenu mmeviona bila kujua vimetoka nyumba ipi: La Anam wa mwaka 1957 alioigiza Faten Hamama, na Fi Baytina Rajul wa mwaka 1961 alioigiza Omar Sharif. Huo wa pili mama hakuuona. Alifariki Cairo tarehe 10 Aprili 1958.

Mwaka 1960 serikali ya Nasser ilipitisha sheria ya kuyatoa magazeti makubwa mikononi mwa wenyewe, na Rose al-Yusuf likawamo. Matbaa ilichukuliwa, na jengo pia. Jina la juu ya jalada hawakuliondoa. Nusu yake ni lile waridi alilopewa na jirani wa Tripoli. Nusu ya pili, al-Yusuf, si la mume yeyote wala la mwalimu wake, ijapokuwa aliolewa zaidi ya mara moja. Ni jina la yule mfanya biashara aliyesafiri asirudi.